Kusoma kwa Jozi

Anayesoma riwaya za kisayansi huulizwa swali lilelile kila mara: haya mambo yatatokea kweli? Muulizaji hudhani mtunzi ni mpiga ramli, na kwamba thamani ya kitabu chake itajulikana baada ya miaka hamsini, utabiri utakapothibiti au kuporomoka. Kwa kipimo hicho watunzi wengi wameanguka. Wapo waliosimulia miji ya mwezini kwa kirefu bila kuwaza hata mara moja kwamba simu itakuja kukaa mfukoni. Vitabu vyao vinasomwa hadi leo, maana kazi yao ilikuwa nyingine. Walichukua jambo moja ambalo sayansi inaliruhusu, wakalipeleka mpaka mwisho wake, kisha wakamweka binadamu katikati tuone linavyomgusa.

Msimu huu nimezisoma riwaya hizo kwa mpango. Kila niliposhika riwaya moja, nilitafuta kitabu cha maarifa kinachohusu jambo hilohilo, kilichoandikwa na mwanasayansi au mwanahabari, chenye vipimo na majina ya kweli. Nikavisoma sambamba, sura ya hiki, sura ya kile. Nilichojifunza ndicho ninachotaka kukieleza hapa: kila kimoja, kikisomwa peke yake, kina namna yake ya kupotosha. Riwaya peke yake humfanya msomaji aamini kwamba hakuna lisilowezekana mradi shujaa ana akili na moyo. Kitabu cha maarifa peke yake humjaza tarakimu zisizomwuma. Riwaya ni tanga, kitabu cha maarifa ni nanga, na chombo kilichokosa kimojawapo hakifai kusafiria.

Joto lisilo na sura

Kim Stanley Robinson, mtunzi wa Kimarekani, alichapisha The Ministry for the Future mwaka 2020. Sura yake ya kwanza inahitaji moyo. Mji mmoja wa Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, unaingiwa na joto lenye unyevu mwingi. Umeme unakatika, viyoyozi vinazimika. Watu wanajitosa ziwani kutafuta ahueni, kumbe maji nayo yamepata moto kuliko damu yao. Kunapokucha, kati ya waliokuwa ziwani anapumua kijana mmoja tu, Frank May, mgeni aliyekwenda huko kwa kazi za misaada. Katika hesabu ya riwaya, wimbi hilo la joto linaua watu milioni 20.

Sayansi iliyobeba sura hiyo ni ya kweli, nayo haina ugumu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini kinachopoza ni kukauka kwake: maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho hutiririka tu bila kukauka, na mwili unabaki na moto wake. Wataalamu huipima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Hewa ikiwa kavu, kitambaa hupoa na kipimo kinashuka. Ikiwa na unyevu, kipimo kinapanda. Mwaka 2010 wanasayansi Steven Sherwood na Matthew Huber walieleza kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35 za Selsiasi, mwili hauna tena njia ya kutoa joto lake, hata kama mtu ni mzima, yuko kivulini, ana maji ya kunywa na upepo unampuliza. Majaribio yaliyofanyika baadaye katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, kwa vijana wenye afya, yalionyesha kwamba mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu nyuzi 31.

Nilikisoma kitabu cha Robinson sambamba na The Heat Will Kill You First cha mwanahabari Jeff Goodell, kilichotoka 2023. Goodell anatuonyesha adui asiyeonekana. Kimbunga hupewa jina na mafuriko hupigwa picha, lakini joto huua watu vyumbani mwao, na daktari huandika moyo au figo kwenye cheti. Kiangazi cha mwaka 2003 barani Ulaya kinakadiriwa kuua zaidi ya watu 70,000, wengi wao wazee. Tarehe 29 Juni 2021 kijiji cha Lytton, magharibi mwa Kanada, kilifika nyuzi 49.6, na siku iliyofuata kikateketea kwa moto.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa mengi juu ya unyevu. Anaijua kaskazi ya Februari, nguo inavyoganda mgongoni kabla ya saa tatu asubuhi. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe walilijua tatizo hili bila kipimajoto, ndiyo maana wakaweka kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba ambavyo jua halivifikii kwa urahisi. Sisi tunajenga kwa matofali membamba ya saruji, tunaezeka bati, kisha tunategemea feni na umeme usikatike. Frank May naye alitegemea hivyo.

Baada ya maafa, India ya Robinson haingoji ruhusa ya mtu. Inatuma ndege kunyunyiza salfa dayoksaidi angani ili kuzuia sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Hapo nilikwenda kwa mwanahabari Elizabeth Kolbert, ambaye kitabu chake Under a White Sky kilitoka 2021. Kolbert anawatembelea watu wanaojaribu kutengeneza kile ambacho binadamu amekwisha kukiharibu, na mwishoni anafika kwa wanaofikiria kulikinga jua. Wazo lenyewe lilifunzwa na milima ya moto. Pinatubo, nchini Ufilipino, ulipolipuka Juni 1991, ulirusha karibu tani milioni 20 za gesi hiyo, na joto la dunia likashuka kwa takriban nusu nyuzi kwa muda. Jina la kitabu ni onyo: anga iliyonyunyiziwa hivyo ingepauka, buluu yake ikageuka weupe. Tena anayeanza kunyunyiza hawezi kuacha ghafla, kwa kuwa joto lililozuiwa lingerudi kwa kishindo.

Msomaji wa riwaya hizi ana deni jingine kwa milima ya moto. Mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Kundi la vijana wa Kiingereza lililokuwa mapumzikoni kando ya Ziwa Geneva lilizuiwa ndani na mvua, likashindana kutunga hadithi za kutisha. Mmoja wao, Mary Shelley, msichana wa miaka 18, alianza Frankenstein, kitabu kilichochapishwa 1818 na kinachohesabiwa na wengi kuwa riwaya ya kwanza ya kisayansi. Kwa hiyo aina hii ya fasihi ilizaliwa hali ya hewa ilipoharibika, na karne mbili baadaye imerudi kwenye jambo hilohilo.

Mirihi na Malindi

Ikiwa kuna riwaya ya karne hii iliyowauzia watu wengi ndoto ya kwenda Mirihi, ni The Martian ya Andy Weir. Weir alikuwa mtunzi wa programu za kompyuta. Alianza kuitoa hadithi yake sura kwa sura kwenye tovuti yake, akaiuza mwenyewe mtandaoni mwaka 2011, kampuni kubwa ikaichukua 2014, na mwaka uliofuata Ridley Scott akaitengenezea filamu. Mwanaanga Mark Watney anaachwa Mirihi na wenzake wanaoamini amekufa. Bahati yake ni kwamba amesomea mimea. Anachanganya udongo wa sayari hiyo na kinyesi, anapata maji kwa kuunguza haidrojeni aliyoitoa kwenye mafuta ya roketi, anapanda viazi. Kila baada ya kurasa chache anapiga hesabu: kalori ngapi, lita ngapi, siku ngapi zimebaki.

Utamu wa kitabu hiki ni kumtazama mtu akifikiri. Watney hukwama, hugawa tatizo vipande vipande, hukitatua kimoja, kisha hukumbana na kingine. Mwalimu wa fizikia angetamani wanafunzi wake wakisome. Ila ukikifunga unabaki na hisia kwamba Mirihi ni shamba jipya linalongoja wakulima hodari, na hisia hiyo ndiyo inayotaka kupimwa.

Waliopima ni mke na mume, Kelly Weinersmith, mwanabiolojia, na Zach Weinersmith, mchora katuni. Kitabu chao A City on Mars kilitoka 2023, na mwaka uliofuata kilipata tuzo ya vitabu vya sayansi ya Royal Society ya Uingereza pamoja na tuzo ya Hugo katika kundi la kazi zinazohusiana na fasihi ya kisayansi. Wanaandika kwa mzaha mwingi, lakini hukumu yao ni kali: hatujawa tayari kuhamia huko, na haraka yetu inaweza kutuletea vita. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya ile ya dunia. Dhoruba inayomtenga Watney na wenzake isingeweza kumwangusha mtu, na Weir mwenyewe amekubali kwamba aliijua kasoro hiyo akaiacha kwa ajili ya hadithi. Udongo una chumvi za perikloreti, zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008, nazo huvuruga kazi ya tezi ya shingo. Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa dunia, na hakuna mtoto aliyewahi kutungwa mimba wala kuzaliwa nje ya dunia ili tujue mifupa yake itakuwaje. Binadamu aliyekaa angani muda mrefu kuliko wote katika safari moja, Valeri Polyakov wa Urusi, alimaliza siku 437 kati ya 1994 na 1995, tena katika kituo kilichozunguka karibu na dunia, ndani ya kinga ya usumaku wake. Watakaokwenda Mirihi hawatakuwa na kinga hiyo.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ile ya sheria. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unazikataza nchi kujimilikisha mwezi au sayari yoyote. Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki wanachokichimba huko. Kati ya maandiko hayo mawili kuna mwanya mpana, na Afrika Mashariki ina historia yake katika mwanya huo.

Aprili 1967, mwaka uleule wa mkataba, Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Walifuata ikweta. Mahali hapo uso wa dunia huzunguka kwa kasi kuliko popote, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa msukumo huo bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya wakisherehekea sikukuu yao, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Miaka sita baada ya Uhuru, Desemba 1976, nchi nane za ikweta zilitia saini Tamko la Bogotá. Kenya, Uganda, Kongo-Brazzaville na Zaire zilikuwemo. Zilidai kwamba njia ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana imesimama palepale, ni mali ya nchi zilizo chini yake. Madola makubwa hayakulikubali dai hilo. Lakini tazama mambo yanavyokutana: aliyeieleza dunia faida ya njia hiyo kwa mawasiliano, katika makala ya 1945, ni Arthur C. Clarke, mtunzi wa riwaya za kisayansi. Mwaka 1979 Clarke alichapisha The Fountains of Paradise, habari za lifti inayopanda kutoka ikweta mpaka angani. Aliipenda sana Sri Lanka, alikokuwa akiishi, na kwa kuwa kisiwa hicho hakiko kwenye ikweta, alikisogeza kusini kwa kalamu yake. Kenya, Uganda na Kongo ziko pale tayari, hazihitaji kusogezwa na mtunzi.

Hukumu yangu juu ya jozi hii: msome Weir ujifunze kufikiri, kisha wasome akina Weinersmith ujue kwamba swali la viazi ni jepesi likilinganishwa na swali la nani atamiliki shamba.

Akili yenye miguu minane

Children of Time ya Adrian Tchaikovsky, iliyotoka 2015 na kushinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata, ndiyo riwaya iliyonipa furaha kubwa kuliko zote msimu huu. Mtunzi, Mwingereza aliyesomea zoolojia na saikolojia, anatupeleka kwenye sayari iliyoandaliwa ili nyani wakue kiakili kwa msaada wa virusi vilivyotengenezwa. Nyani hawafiki. Virusi vinawaingia buibui. Kizazi baada ya kizazi tunawaona wakijenga miji ya nyuzi, wakifuga chungu na hatimaye kuwatumia kama kompyuta, wakipigana vita vya dini, wakibishana kama dume astahili haki ya kutoliwa. Wakati huohuo mabaki ya binadamu yanasafiri angani katika jahazi bovu, yakiitamani sayari hiyo.

Tchaikovsky hakumchagua buibui wake kwa bahati. Ni Portia, buibui wa kweli anayewinda buibui wenzake. Hutikisa utando wa windo lake kwa mapigo yanayomwiga mdudu aliyenaswa, na huweza kuchukua njia ya mzunguko inayompotezea windo machoni kwa muda, kisha akatokea mahali alipokusudia. Ubongo wake ni mdogo kuliko kichwa cha pini.

Kitabu nilichokifungamanisha na riwaya hiyo ni An Immense World cha mwanahabari Ed Yong, cha 2022, kinachoeleza jinsi kila mnyama anavyoishi katika dunia yake ya hisia, wazo lililoasisiwa na mwanabiolojia Jakob von Uexküll mwanzoni mwa karne iliyopita. Buibui warukao, ambao Portia ni mmoja wao, wana macho manane, na mawili ya mbele yana retina inayosogea ndani ya kichwa, ikipapasa kitu kipande kwa kipande. Tembo huitana kwa sauti nzito ambazo sikio letu halizipati. Mtafiti Katy Payne alizitambua mwaka 1984 katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alipohisi mtetemo hewani karibu na vizimba vyao, na utafiti ukaendelea baadaye kwa tembo wa Amboseli, Kenya.

Kisha kuna buibui wa kwetu, ambaye mtunzi angembuni tungesema ametia chumvi. Anaitwa Evarcha culicivora, anaishi pembezoni mwa Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, na chakula akipendacho ni mbu jike aliyeshiba damu. Hana mdomo wa kutoboa ngozi, kwa hiyo hujipatia damu yetu kwa kumla aliyeinyonya. Robert Jackson, mtafiti aliyetufumbua macho pia kuhusu Portia, alimchunguza na wenzake katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, ufukweni mwa ziwa, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo yao. Kati ya mbu, buibui huyu hupendelea Anofelesi, wale waenezao malaria, naye huvutwa na harufu ya mwili wa binadamu na ya kichaka cha lantana.

Riwaya ilinifanya nimwonee huruma buibui, jambo ambalo sikulitarajia. Yong na watafiti wa Mbita walinizuia nisimvike nafsi ya mtu. Evarcha hatulindi wala hatupendi, ana njaa yake. Heshima ya kweli kwa mnyama huanza hapo, kumkubali alivyo bila kumgeuza binadamu mdogo.

Kitabu ndani ya riwaya

Jozi ya nne sikuitafuta, kwa maana riwaya yenyewe ilinikabidhi. Liu Cixin alikuwa mhandisi wa kompyuta katika kituo cha umeme mkoani Shanxi, China, alipoandika The Three-Body Problem. Ilitoka mfululizo katika jarida mwaka 2006, ikawa kitabu 2008, ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Ken Liu 2014, na 2015 ikawa riwaya ya kwanza iliyotafsiriwa kushinda tuzo ya Hugo. Msichana Ye Wenjie anashuhudia baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa hadharani wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni. Anapelekwa kukata miti katika misitu ya kaskazini. Huko anaazimwa kitabu cha Kimarekani kinachoeleza sumu za wadudu zinavyoua ndege na mito, nacho kinamshawishi kwamba uovu wa binadamu hauna mwisho. Kinamponza pia, kwani anashtakiwa kwa ajili yake. Miaka mingi baadaye, akiwa mbele ya mtambo wa redio, anapata nafasi ya kuwajibu viumbe wa mbali, ingawa mmoja wao ameonya kwamba asijibu. Anajibu.

Kitabu alichoazimwa ni Silent Spring cha Rachel Carson, kilichochapishwa 1962, kwa hiyo ilibidi nikisome. Mshangao wa kwanza uko kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Carson, mwanabiolojia wa bahari aliyeandika kwa uangalifu mkubwa na kwa ushahidi mwingi, anafungua kwa hadithi ya kubuni: mji usiokuwepo popote, ambao ndege wake wamenyamaza na mifugo yake inakufa bila sababu kujulikana. Mwandishi wa maarifa alijua kwamba bila ngano msomaji asingehisi uzito wa majedwali.

Baada ya ngano hiyo Carson anarudi kwenye ushahidi. Anaonyesha jinsi sumu za wadudu kama DDT zinavyopanda kutoka maji hadi samaki, kutoka samaki hadi ndege, zikizidi kukolea kila hatua. Viwanda vya kemikali vilimshambulia, naye alikuwa akiugua saratani. Mei 1963 kamati ya wanasayansi ya Rais Kennedy ilitoa ripoti iliyomuunga mkono. Alifariki Aprili 1964, miaka minane kabla ya Marekani kuipiga marufuku DDT kwa kilimo. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiwekea dawa hiyo mipaka, ukaacha ruhusa ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likaunga mkono tena kuipulizia kwenye kuta za nyumba dhidi ya malaria. Carson mwenyewe hakudai kemikali zote zitupwe. Alidai zitumiwe na wanaozielewa, wananchi wakiwa wameelezwa.

Ye Wenjie alisoma kitabu hichohicho akakata tamaa na wanadamu wote, ilhali wasomaji wengine walikisoma wakaandika barua, wakaenda mahakamani, wakabadilisha sheria. Liu anajua anachokifanya hapo. Anamwonyesha msomaji aliyejeruhiwa, asiye na mtu wa kujadiliana naye, akichukua kweli za kitabu kimoja na kuzifanya hukumu ya mwisho. Sijaona onyo kali kuliko hilo juu ya kusoma peke yako.

Rafu ya Kiswahili

Vitabu hivi vyote nilivisoma kwa Kiingereza. Hilo lisitufanye tuone kwamba Kiswahili hakina jozi. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kutiwa kizuizini katika miaka ya 1980 kwa sababu ya siasa, alichapisha Walenisi. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo katika nchi ya mabavu, anatiwa kwenye chombo cha angani kisichotarajiwa kumrudisha mtu, naye anafika kwenye jamii ambako watu wanaishi kwa usawa. Riwaya hiyo husomwa zaidi kama fumbo la kisiasa, na ni sawa, lakini chombo kipo, safari ipo, na dunia nyingine imechorwa kwa utaratibu. Nje ya darasa la fasihi haitajwi ipasavyo.

Mwenzi wake naye yupo kwa Kiswahili: maandishi ya Julius Nyerere kuhusu ujamaa, yakiwemo Azimio la Arusha la 1967. Mkangi anaitazama jamii ya usawa kwa macho ya aliyefika ikiwa imekamilika. Nyerere anaandika akiwa na serikali mikononi, bajeti finyu na wakulima walio mbali na barabara. Ukimsoma Mkangi unaona kwa nini watu walilitamani jambo hilo. Ukimsoma Nyerere, kisha ukafuata yaliyotokea kuanzia 1973 watu walipohamishiwa vijijini kwa amri, unaona gharama yake na mahali lilipokwamia. Yeyote anayetaka kubishana kuhusu ujamaa, akiutetea au akiupinga, aanzie kwenye jozi hiyo.

Kinachokosekana kwetu ni wingi, na zaidi upande wa maarifa. Istilahi haziwezi kuwa kisingizio: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Habari za kuandika zipo Mbita, Ungwana na Amboseli, na zingine hazijaguswa kabisa na mtunzi wa riwaya. Wachapishaji waache kuamini kwamba kitabu cha sayansi cha Kiswahili lazima kiwe cha darasani.

Nawe msomaji, usingoje rafu ijae. Chagua jambo moja linalokusumbua, liwe joto, mbu, ardhi au madaraka. Tafuta riwaya moja inayolibeba na kitabu kimoja cha maarifa kinacholipima, uvisome sambamba, na vikipingana usiharakishe kuchagua mshindi. Kisha mpe mtu mwingine jozi hiyo, mkae mbishane.